Nakala moja haitoshi: Kanda za akiba na funzo la Ngara na Biharamulo

MWALIMU anayefundisha Rulenge, wilayani Ngara, au muuguzi wa Biharamulo, hulipwa mshahara kutokana na kumbukumbu ambazo hazimo wilayani mwake. Jina lake, tarehe ya kuajiriwa, daraja lake na akaunti yake ya benki vimehifadhiwa katika kompyuta za serikali zilizoko mamia ya kilomita kutoka hapo.

Iwapo chumba chenye kompyuta hizo kitaungua usiku wa leo, haki ya mtumishi huyo itategemea jambo moja: kama ipo nakala nyingine, katika jengo jingine, na kama nakala hiyo inasomeka.

Hiyo ndiyo maana ya nakala za akiba zinazotunzwa nje ya kituo.

Ilikoanzia

Utaratibu huu ulikua pamoja na kompyuta kuu, yaani mashine moja kubwa inayofanya kazi za ofisi nyingi kwa wakati mmoja, kama vile mishahara, hesabu za benki na bima. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wake wa kwanza wa kanda za sumaku kwa ajili ya kompyuta, na gurudumu moja la kanda lilibeba takriban megabaiti 2. Kasha moja la kanda aina ya LTO-9, lililoingia sokoni mwaka 2021, hubeba terabaiti 18.

Hapa nchini, Hazina ilifunga kompyuta yake ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo. Kwa muda mrefu wilaya ziliendelea kutegemea leja na majalada.

Babu, baba na mwana

Utaratibu uliozoeleka una ngazi tatu. Kila siku hunakiliwa yale yaliyobadilika tu. Kanda hiyo huitwa mwana. Mwishoni mwa wiki hunakiliwa kila kitu, na hiyo ni baba. Nakala ya mwisho wa mwezi ni babu, nayo hutunzwa muda mrefu zaidi.

Kanda huandikwa namba na tarehe, huingizwa katika daftari, hutiwa katika sanduku lenye lakiri na kusafirishwa hadi ghala la mbali. Data zilizomo hugeuzwa kuwa fumbo kwanza, ili kasha likipotea njiani asiyehusika asiweze kuzisoma. Ghala linapaswa kuwa kavu, lisilo na vumbi, lenye joto la nyuzi 16 hadi 25.

Umbali gani unatosha?

Jibu fupi ni kwamba nakala isiweze kufikiwa na janga lile lile. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba pamoja na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Ofisi ambayo ingekuwa imeweka nakala yake mtaa wa pili mjini Bukoba ingekuwa imeviweka vyote viwili juu ya ardhi iliyotikisika.

Ngara ina funzo la zamani zaidi. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24. Aliyeacha cheti chake nyumbani, na nakala ya cheti hicho katika ofisi ya jirani, aliviacha vyote upande mmoja wa mto.

Je, kanda zimepitwa na wakati?

Wapo wanaosema Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika mipakani Rusumo na Kabanga, umeondoa haja ya kanda. Ni kweli kwamba nakala sasa inaweza kusafiri kwa waya. Hata hivyo, nakala iliyounganishwa muda wote hupokea pia makosa na virusi. Kanda iliyoko rafuni haifikiwi.

Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail pamoja na nakala zilizokuwa mitamboni, Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda. Kinyume chake, Septemba 26, 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma. Hapakuwa na nakala ya nje.

Nakala isiyojaribiwa

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kunakili kila usiku bila kujaribu kurejesha. Kanda huchakaa, funguo za mafumbo hupotea, na mtaalamu aliyeujua mfumo huhama. Siku ya maafa ndipo hugundulika kwamba sanduku lilikuwa na kanda zisizosomeka.

Kila ofisi, iwe halmashauri, hospitali au chama cha ushirika, inapaswa kujiuliza: tunaweza kumudu kupoteza kazi ya siku ngapi, na tunaweza kukaa muda gani bila huduma? Majibu ndiyo yatakayoamua kanda zitolewe nje kila siku au kila wiki.

Swali la mwisho ni rahisi zaidi. Ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilifunguliwa na kusomwa? Asiyekumbuka tarehe ajihesabu kuwa hana nakala.