Toni safi: Kipimo kinachofichua uziwi uliojificha

UPO uziwi ambao hata jirani wa karibu hawezi kuutambua. Mwenye nao huitika akiitwa, husikia ngoma, radi na mvua ipigayo bati, lakini akiambiwa "saa" husikia "taa", na akiambiwa "faa" husikia "paa". Mara nyingi hudhaniwa kuwa mzembe, mkaidi au mtu aliyezeeka kabla ya wakati wake.

Uziwi wa namna hiyo haupimwi kwa kupiga makofi nyuma ya kisogo. Unaoufichua ni upimaji wa toni safi, ambao una uzito wa pekee katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako ardhi imebeba nikeli na dhahabu na kelele za mashine za uchimbaji ni sehemu ya maisha ya kazi.

Sauti ya binadamu ni mchanganyiko wa mitetemo mingi yenye kasi tofauti. Toni safi ni sauti ya mtetemo mmoja tu, mfano wa mluzi usiopanda wala kushuka. Kasi ya mtetemo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli.

Sababu ya kupima mtetemo mmoja mmoja imo ndani ya sikio lenyewe. Mwanasayansi mzaliwa wa Hungary, Georg von Békésy, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri ndani ya koklea, kiungo kilichojisokota kama gamba la konokono. Sauti nyembamba huamsha mwanzo wa kiungo hicho, na sauti nzito huamsha ncha yake. Sehemu moja inaweza kufa huku nyingine zikiendelea na kazi.

Irabu hutegemea zaidi sauti nzito. Ndivyo ilivyo pia kwa kupanda na kushuka kwa sauti, jambo linalobeba maana katika Kihangaza cha Ngara kama ilivyo katika Kirundi. Konsonanti kama "s" na "f" hutegemea sauti nyembamba. Aliyepoteza sauti nyembamba hujua kwamba anasemeshwa, lakini hajui anaambiwa nini.

Jinsi kipimo kinavyofanyika

Anayepimwa huketi katika chumba chenye ukimya na kuvaa spika za masikioni zilizounganishwa na mashine iitwayo odiomita. Kila sikio hupimwa peke yake. Kwa kawaida mpimaji huanza na hezi 1,000, hupanda hadi 2,000, 4,000 na 8,000, kisha hurudi kwenye 500 na 250.

Kila asikiapo mlio, hata kwa mbali, anayepimwa hubonyeza kitufe au huinua mkono. Akijibu, sauti hupunguzwa kwa desibeli 10. Asipojibu, huongezwa kwa desibeli 5, hadi kipatikane kiwango cha chini kabisa anachoweza kukisikia. Mvua ikianza kupiga bati, upimaji husitishwa, kwani majibu hayatakuwa ya kweli.

Majibu huchorwa kwenye karatasi: duara jekundu kwa sikio la kulia na alama ya msalaba ya bluu kwa la kushoto. Sifuri katika mchoro huo si ukimya, bali ni sauti hafifu kabisa ambayo vijana wenye masikio mazima huisikia kwa wastani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), usikivu ulio chini ya desibeli 20 ni wa kawaida.

Baada ya hapo, kifaa kidogo kinachotetema huwekwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mtu akisikia vizuri kupitia mfupa lakini si kupitia spika, kasoro iko katika sikio la nje au la kati: nta, usaha au kiwambo kilichotoboka. Mengi ya matatizo hayo hutibika. Njia zote mbili zikishuka kwa pamoja, kilichoumia ni sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu, na chembe za koklea zikishakufa hazioti tena.

Alama ya kelele

Kelele za muda mrefu huacha alama inayotambulika: mchoro hushuka ghafla karibu na hezi 4,000, kisha hupanda tena kwenye 8,000. Katika hatua hiyo mhusika huwa bado anazungumza na wenzake bila shida kubwa, wala hana habari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania ulikuta asilimia 48 wakiwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu waliopimwa kwa njia hiyo hiyo.

Wilayani Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 na kununuliwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) mwaka 2013. Wilayani Ngara, leseni ya kuchimba nikeli ya Kabanga ilitolewa mwaka 2021. Migodi hubadili wamiliki, lakini sikio lililoharibika hubaki na mwenyewe.

Ndiyo maana kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile cha kwanza, kabla mtu hajasimama karibu na mashine. Bila mchoro huo wa mwanzo, ni vigumu kuonyesha baadaye ni kiasi gani cha usikivu kilichopotea kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi mwaka 2015 hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri hana wa kumpeleka kupimwa, hujipeleka mwenyewe.

Kwa wanaohitaji madaktari bingwa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza, safari ambayo tangu Juni 2025 hupita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Kwa sikio la ndani, hata hivyo, safari yenye faida ni ile inayofanywa mapema.