Maji Magumu Si Maji ya Chumvi

Visima vingi vya Unguja vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Katika hoteli inayotegemea kisima cha aina hiyo, matatizo hujitokeza mapema: sabuni haitoi povu, matundu ya bomba la mvua yanaziba kwa unga mweupe, hita inakula umeme na maji hayapati moto. Ukiuliza sababu, jibu mara nyingi ni moja: "Maji ya huku yana chumvi."

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ila mwenye hoteli akinunua mtambo kwa kauli hiyo tu, anaweza kutoa fedha nyingi na tatizo likabaki palepale.

Wataalamu hutofautisha mambo mawili. Maji ya chumvi ni yale yenye kloridi ya sodiamu nyingi, yaani chumvi ileile ya mezani, na kisimani huingia hasa bahari inapopenya ardhini kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi. Maji magumu ni yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Mvua hubeba hewa ya kabonidioksidi, ikawa na uchachu kidogo, na ikipita kwenye mawe ya chokaa huyayeyusha na kushuka nayo hadi kisimani. Maji hayo yanaweza kuwa magumu sana bila mnywaji kuhisi chumvi yoyote ulimini.

Neno "magumu" limekaa vizuri katika Kiswahili. Mtu mgumu ni yule asiyetoa kitu kwa urahisi. Maji magumu nayo ni magumu kutoa povu, kwa kuwa kalsiamu huikamata sabuni na kuigeuza utando usioyeyuka.

Ugumu wenyewe ni wa namna mbili. Ugumu wa kudumu hauondoki kwa kuchemsha. Ugumu wa muda huondoka, na hapa istilahi inahitaji tahadhari: unaondoka kwenye maji, lakini unahamia kwenye koili ya hita na kuta za tangi ukiwa ganda jeupe ambalo mafundi huliita chokaa. Ganda hilo huzuia joto lisifike kwenye maji, na koili hupata moto kupita kiasi hadi ikaungua.

Hesabu yake ni rahisi. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika kila lita, na maji yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Yakiwa na 300, hoteli inayochemsha lita 10,000 kwa siku inapitisha kilo 3 za madini hayo kwenye mfumo wake. Si yote yatakayoganda, lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo ganda linavyoongezeka. Kupunguza joto ovyo nako ni hatari: tangi la maji ya moto hutakiwa kufika nyuzi 60 hivi ili bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, wasistawi.

Dawa ya ugumu ni mtambo wa kulainisha maji. Inafaa kulitaja jina lote, maana ukiomba "kilainishi" dukani unaweza kupewa grisi. Ndani ya mtambo mna punje za resini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, punje hukamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi kali, kalsiamu ikamwagwa kwenye bomba la maji machafu, na kazi ikaanza upya. Resini za namna hii ni matunda ya kazi ya wakemia wawili wa Uingereza, Adams na Holmes, mwaka 1935.

Kwa hiyo mtambo huu unatumia chumvi, hauiondoi. Mwenye kisima kilichoingiwa na bahari anahitaji mtambo wa aina nyingine, unaosukuma maji kwa presha kubwa kupitia utando mwembamba unaobakiza chumvi nyuma.

Katika kufunga, kichujio cha mchanga hutangulia, hufuata mtambo wa kulainisha, kisha hita. Kati ya hivyo viwili vya mwisho iwekwe vali isiyoruhusu maji kurudi, kwa sababu maji ya moto yakirudi nyuma huharibu resini. Bomba la bustani lichukue maji kabla ya kulainishwa: sodiamu haiifai mimea, na kumwagilia kwa maji yaliyolainishwa ni kupoteza chumvi bure.

Kabla ya kuagiza chochote, peleka sampuli ya maji maabara na udai namba mbili: ugumu na kiasi cha kloridi. Fundi anayetaja bei ya mtambo bila kuziona namba hizo anabahatisha kwa fedha zako.