Saa za Upepo, Siku za Joto

Mwezi wa Juni Muscat haingoji kimbunga ndipo ione taabu. Jua peke yake latosha: mchana joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari hulifanya jasho ling'ang'anie mwilini. Mwaka 2007, juu ya joto hilo, ilitujia dhoruba kali kuliko zote zilizokuwa zimerekodiwa katika Bahari ya Arabu mpaka siku hizo. Sisi Waswahili wa mji ule, wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa, ilitukuta majumbani mwetu. Saa zake zilikwenda hivi.

Jumanne, Juni 5

Saa 4 asubuhi. Redio haizimwi. Jana yake upepo wa kimbunga, kikiwa bado baharini, ulifika kilomita 240 kwa saa. Wakazi wapatao 7,000 wa kisiwa cha Masirah wamehamishwa, na wazee hawakuuliza kwa nini: mwaka 1977 kimbunga kilikifagia kisiwa hicho, majumba yakalala chini.

Saa 10 jioni. Madukani maji ya chupa yanakwisha, betri zimekwisha. Sisi tumerudi na mikate. Bibi akatutazama, akatikisa kichwa: "Mkate hamtaulilia. Maji nani kajaza?" Tukajaza pipa, ndoo, masufuria ya biriani, mpaka beseni la kuogea mtoto. Ami akapanda juu ya paa kuteremsha viti, mbao na kila kinachoweza kurushwa na upepo.

Saa 4 usiku. Umeme upo bado, kiyoyozi kinanguruma. Friza tumeliwasha kwa baridi yake yote na kupanga ndani yake chupa za maji zigande. Magodoro yametandikwa katika chumba cha kati, mbali na vioo vya madirisha.

Jumatano, Juni 6

Saa 10 alfajiri. Adhana inakuja vipande vipande. Mvua inapiga ubavuni mwa nyumba, wala haitoki juu kama mvua tuzijuazo. Kimbunga kimepungua nguvu kilipoikaribia pwani, na kuna anayesema afadhali, yamekwisha. Umeme ukakatika huku anasema.

Saa 5 asubuhi. Upepo ndio uliotutisha, lakini hatari ilikuwa inashuka milimani. Milima ya Hajar ni mawe matupu. Mvua ikinyesha juu yake hainywewi na udongo, yote huteremkia kwenye mabonde makavu, ndiyo wadi. Wadi Adai, ambayo karibu mwaka mzima ni kokoto na vumbi, ilianza kuvuma. Maji yalikuja na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, matairi na mapipa. Pikapu moja nyeupe ilisimama ukingoni, dereva akipima. Wanaume wakampigia kelele kutoka barazani: "Usivuke! Rudi!" Akarudi nyuma. Dakika chache baadaye pahala pale aliposimama palikuwa mto. Katika mafuriko ya wadi, wengi wanaokufa hufia ndani ya gari, kwa kudhani maji ni ya magotini.

Saa 9 alasiri. Maji yakaingia uani. Ami alizima swichi kuu kabla hayajafika kwenye soketi, maana umeme ungeweza kurudi wakati wowote na kuwakuta watu wamesimama majini. Tukapanda ghorofani na vitu vichache: mkoba wa hati, dawa, maji, tende, tochi na redio ya betri. Bibi alibebwa kwenye kiti, sindano zake za sukari kifuani.

Saa 2 usiku. Simu hazishiki. Redio inasema mtaa wa Qurum umezama. Maduka yamejaa tope na magari yamepandana. Usiku ule hakuna aliyetoka kwenda kutazama, na hilo ni katika mambo yaliyotuhifadhi.

Alhamisi, Juni 7

Saa 1 asubuhi. Kimbunga kimeshika njia ya Iran. Mbingu nyeupe, jua limetoka, watu wanapeana mikono na kusema alhamdulillahi. Mkasa wa pili ukaanza hapo.

Saa 7 mchana. Nyumba za Muscat zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Umeme ukikatika, saruji hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku, na ghorofa ya juu huwa tanuri. Bibi, ambaye hakunyamaza hata upepo ulipokuwa unavunja vioo, alinyamaza. Ngozi ilikuwa moto, na alipoulizwa jina la mjukuu wake akataja la nduguye aliyekwisha kufa. Mama hakungoja. Tulimteremsha chini, ambako tope lilikuwa limekwisha kuzolewa katika chumba kimoja cha upande wa kivuli. Tukamlaza, tukamfunika kanga iliyolowa, tukampepea kwa zamu, vitambaa vya maji shingoni na kwapani. Akili ilipomrudia ndipo akanyweshwa maji, kidogo kidogo. Ami alikwisha kutoka kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Dawa yake ya sukari tuliiweka ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, chupa ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa, kwa kuwa barafu ya friza ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

Saa 12 jioni. Mabomba makavu. Mji uliozungukwa na maji hauna maji ya kunywa: mitambo ya Ghubra na Barka, inayoondoa chumvi katika maji ya bahari, imesimama. Pipa la Bibi likawa mali kuliko dhahabu. Jirani mmoja alileta jenereta akaliweka ukumbini ili lisiibwe. Ami akamsaidia kulitoa mpaka nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, na mtu aliyelala humalizika bila kukohoa.

Siku zilizofuata zilikuwa za foleni, madumu na malori ya maji. Mpaka hesabu ilipofungwa, Oman ilikuwa imepoteza watu wapatao 50 na mali ya dola bilioni 4 hivi. Baadaye serikali ilijenga bwawa la kuzuia mafuriko juu ya Wadi Adai. Bibi alipona, akaishi kuziona Juni nyingine.

Bwawa huzuia maji, joto halizuii. Msimu wa vimbunga katika bahari ile huja Mei na Juni, kisha tena Oktoba na Novemba, na nusu yake ya kwanza hukutana na jua la kiangazi. Kwa hiyo ndugu msomaji, uwe Muscat, Sur, Mtwara au Houston, usijiandae kwa usiku wa upepo peke yake. Weka maji ya siku kadhaa, dawa mahali pa kuzichukua kwa haraka, na chumba cha chini chenye kivuli cha kukimbilia maji yakishapungua. Wadi ikishuka, usivuke. Na upepo ukishatulia, kabla hujafagia uani kwako, kamgongee mlango mzee anayeishi peke yake.