Mgeni Asiyebisha Hodi: Malengelenge Tangu Zinji Mpaka Wete

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine ukasema hii si hadithi, ngoja kwanza. Mie niliketi kuandika hadithi. Ilikuwa ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, nikakwama sura ya tatu. Kila nikimwandikia yule mume maneno ya kumwacha mkewe, nikajikuta sijui kama anasema kweli au anasingizia. Ikabidi nitoke kwenye hadithi niingie kwenye historia, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Mwanamke mwenyewe si wa kubuni. Ni binti wa mjomba wangu, namwita Dada kwa kuwa kanizidi miaka kumi na mbili. Mumewe alikuwa mvuvi wa kwenda dago. Mpemba hahitaji kuelezwa dago, lakini wewe wa mjini huenda hujui: ni kule kuhama na nyavu zako na sufuria yako, ukapige kambi pwani ya mbali, Tanga au hata Kenya, miezi kadhaa mpaka pepo zigeuke. Basi akaenda, akarudi mzima, kanawiri. Miezi minne baadaye Dada akaota malengelenge mahali pasipotajwa. Homa, mitoki imevimba, haja ndogo ikimtoka anauma kanga kwa meno. Akaenda kwa muuza dawa mmoja, akachomwa sindano ya kaswende bila ya kupimwa chochote. Vidonda vikakauka vyenyewe baada ya wiki kama tatu, na sindano ikapata sifa isiyo yake. Baada ya miezi miwili vikarudi.

Mume akasema: "Mie mwilini mwangu sina hata kipele. Weye umevipata wapi?"

Swali hilo lilikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne ikaja talaka. Dada akarudi kwao, na mama yake mzazi akamtengea ndoo ya kuogea na sahani ya kulia.

Umevipata wapi. Ndilo swali nililolifuata, na limenipeleka mbali kuliko Tanga.

Tuanze na jina. Kwetu lengelenge ni uvimbe wowote wa ngozi wenye maji ndani, hata wa kuunguzwa na mafuta ya bajia, hata wa kiatu kipya siku ya Idi. Kwa hiyo mtu akisema ana malengelenge hujui hasa anasema nini, na pengine ndivyo anavyotaka. Wagiriki wa kale, enzi za mganga Hippocrates, walikuwa na neno herpesi, lililotokana na kutambaa, wakaliita hivyo kila donda linalotambaa juu ya ngozi. Madaktari wakalirithi.

Ukoo wenyewe ni mkubwa. Tetekuwanga wamo, mkanda wa jeshi wamo, tena hao wawili wala si ndugu, ni mtu mmoja aliyebadili kanzu. Kirusi cha tetekuwanga ya utotoni hujificha katika mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye, mwili ukichoka, hutoka upande mmoja wa mbavu kama mkanda wa askari. UKIMWI ulipoingia nchini miaka ya 1980, mkanda wa jeshi ukapata jina baya, kwa sababu mwenye kinga iliyopungua huupata kwa urahisi. Hata mzee asiye na lolote ila uzee wake akanyooshewa kidole.

Halafu kuna wale wawili wa tumbo moja, ambao ndio hasa habari yetu. Wa kwanza kwao ni mdomoni. Bibi yangu akiniona na vilengelenge pembeni mwa mdomo, na mie vilikuwa vikinitoka kila wakati wa mitihani, alikuwa akisema homa hiyo yatoka. Siku nyingine husema buibui kanikojolea usiku. Masikini buibui! Wa pili kwao ni sehemu za siri. Lakini yule wa kwanza naye hushuka huko chini kwa njia ya mdomo, kwa hiyo mipaka yao si ya kuaminiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na yule wa kwanza, ndiyo kusema 64 katika kila mia, na watu milioni 520 wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa na yule wa pili. Hebu hesabu walioketi barazani kwenu jioni. Wanawake waliomcheka Dada kisimani, wengi wao walikuwa wanacheka kwa midomo yenye ndugu wa kirusi kilekile.

Wametoka wapi? Hapa ndipo nilipoacha kalamu nikashika kichwa.

Tarehe 17 Julai 1959, bara huko, katika bonde la Oldupai, Mary Leakey aliona mfupa na meno makubwa yakichomoza ardhini. Likatoka fuvu la kiumbe aliyeishi miaka kama milioni 1.75 iliyopita. Mumewe, Louis, akamwita Zinjanthropus, mtu wa Zinji. Na Zinji ni nani? Ni sisi! Ndilo jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa zamani waliwaita watu wa pwani hii ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa leo humwita Paranthropus boisei, na fuvu lake limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hakuwa babu yetu. Alikuwa kama binamu, mwenye mataya ya kusagia vyakula vigumu, na ukoo wake ulikwisha.

Sasa sikiliza. Mwaka 2014 wataalamu waliolinganisha vinasaba vya virusi hivi walipiga hesabu wakasema: yule wa mdomoni tumekuwa naye tangu wazee wetu walipoachana na wazee wa sokwe, miaka kama milioni sita iliyopita. Yule wa pili alikuja baadaye, kutoka upande wa wazee wa sokwe, miaka kama milioni 1.6 iliyopita. Lakini alipita mkononi mwa nani? Mwaka 2017 wenzao wa Uingereza walichukua mahali mifupa ya kale ilipopatikana, wakapima nani aliishi karibu na nani, wakasema aliyetupokezea yaelekea ni huyo huyo mtu wa Zinji. Labda yeye alikipata kwa sokwe kwa kung'atwa au kwa kula nyama yake, na wazee wetu wakakipata kwake kwa kumla yeye. Magazeti ya nje yalipenda zaidi kuuliza nani alilala na nani. Hiyo ni hesabu ya uwezekano, hakuna aliyekitoa kirusi ndani ya mfupa wa Oldupai. Hata hivyo inatosha kunyamazisha baraza: kirusi alichoulizwa Dada amekitoa wapi kilikuwa huku kwetu kabla hajazaliwa mtu wa kuoa wala wa kuacha.

Kutoka Afrika kilisafirije? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 unasema kwamba aina ya pili ilitoka bara letu kwenda nje kwa wingi katika karne ya 18, siku biashara ya watumwa ya Atlantiki ilipokuwa imepamba moto. Watu walifungwa minyororo, nacho kikapanda merikebu pamoja nao. Aina ya kwanza ina ushahidi wa kushikika zaidi. Mwaka 2022 wataalamu walitoa kirusi chake ndani ya meno ya maiti wa kale wa Ulaya na Urusi. Mmoja alikuwa mvuta kiko wa Uholanzi wa karne ya 17, meno yake yamelika pale alipozoea kubana kiko. Walihisi kwamba aina iliyopo sasa ilishika nguvu kama miaka 5,000 iliyopita, na huenda desturi ya kupigana busu la mdomo ilisaidia. Kuna pia habari ya Kaisari Tiberius wa Roma, kwamba alipiga marufuku busu za kila siku kwa ajili ya ugonjwa huu. Marufuku yameandikwa kweli. Hiyo sababu mie naona watu wameishonea baadaye.

Dawa ilichelewa sana. Mpaka miaka ya 1960 ndipo ilipothibitika kwamba aina ni mbili. Mwaka 1982 gazeti la Time la Marekani liliweka ugonjwa huu kwenye jalada, likaufananisha na ile herufi nyekundu anayovalishwa mwanamke mzinifu katika riwaya ya Hawthorne. Unaona? Hata kwa wenzetu kidole kilikwenda kwa mwanamke. Miaka hiyohiyo ikaanza kutumika asiklova, iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion na wenzake. Bibi huyo hakuwahi kumaliza masomo ya udaktari wa falsafa, na mwaka 1988 akapewa Nobel. (Sie wa kidato cha nne tusivunjike moyo.) Asiklova haikitoi kirusi. Inakipunguza nguvu, vidonda vikapona upesi na kurudi kwa nadra. Kirusi chenyewe kinabaki kimelala chini ya uti wa mgongo, katika mafundo ya mishipa ya fahamu, maisha yote ya mtu.

Turudi kwa yule bwana na kipele chake ambacho hana.

Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa Wamarekani waliojipangusa ngozi kila siku wapimwe. Wale wenye aina ya pili ambao hawajapata kuona kidonda chochote maishani mwao walikutwa na kirusi juu ya ngozi siku moja katika kila kumi. Ngozi safi, haiwashi, haiumi, nacho kipo mlangoni. Na walio wengi huambukizwa siku kama hizo. Mtu mwenye kidonda hujizuia, lakini asiye na kidonda atajizuia na nini? Kwa hiyo yule bwana pengine hakusema uongo. Pengine alikuwa nacho tangu dago la ujana wake. Na pengine Dada ndiye aliyekuwa nacho, maana hicho kilikuwa chuo chake cha pili, na kirusi huweza kukaa miaka bila ya kujionyesha. Ile homa ya mwanzo na mitoki hufanana na maambukizo mapya, lakini kufanana si ushahidi. Hakuna kadhi wala daktari wa kusema nani alianza. Hapo ndipo sura yangu ya tatu ilipovunjika, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua mume ni mwongo.

Mwaka huu Dada kapata mposaji, mtu wa Chake Chake, mfiwa na mke. Akanijia usiku, akakaa kitandani pangu. "Mdogo wangu, weye wasoma sana. Nimwambie au nisimwambie?"

Nikamwambia niliyoyasoma, bila ya kumwamulia. Kwamba kinapita kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa mate, na kwamba ndoo na sahani hazina kosa, wala choo, kwa kuwa kikitoka mwilini hakidumu. Kwamba kuna dalili ya kutangulia, kuwashwa na mchonyoto mahali palepale siku moja au mbili kabla, na tangu hapo mpaka ngozi ifunge kabisa ni kulala mzungu wa nne. Kwamba kwa wanandoa wa Afrika waliofuatiliwa, mmoja anacho mwenziwe hana, kondomu ilipunguza hatari ya mke kumwambukiza mume kwa asilimia 65, na ya mume kumwambukiza mke kwa asilimia 96. Hesabu hizo zilitolewa mwaka 2016. "Kondomu ndani ya ndoa, Pemba hii?" akaniuliza, tukacheka wote wawili. Najua, ni kasheshe. Basi kuna vidonge vya kila siku. Mwaka 2004 uchunguzi wa wanandoa 1,484 ulionyesha vidonge vya jamii ya asiklova hupunguza maambukizo karibu nusu. Jando nalo husaidia. Kule Rakai, Uganda, mwaka 2009 ilionekana hupunguza kwa kidogo zaidi ya robo, lakini kwetu wanaume wote wametiwa jandoni na malengelenge yapo.

Nikamwambia na zito zaidi, kwamba mwenye aina ya pili hatari yake ya kupata VVU huwa kama mara tatu, kwa hiyo wapime wote wawili. Watu walidhani asiklova ingeziba na mlango huo. Wanawake 821 wa kaskazini magharibi ya Tanzania, wengi wakifanya kazi katika mabaa na nyumba za wageni, walikubali kushiriki majaribio, wengine wakimeza asiklova, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yakatolewa mwaka 2008. Haikuziba.

Na akishika mimba amwambie mkunga mapema. Mwenye kirusi cha zamani huwa kashajenga kinga ambayo mtoto huipata tumboni, hatari kubwa ni kwa anayekipata miezi ya mwisho. Mie mwenyewe siku hizi nikiwa na kijidonda mdomoni sibusu kitoto kichanga cha mtu, hata mama yake akinuna. Kirusi cha mdomo wangu kwa mtoto wa wiki mbili kinaweza kumuua.

Dada akanyamaza kitambo. Kisha akasema hawezi kuyatamka hayo mbele ya mwanamume, atamtuma somo wake. Somo ni yule aliyemfunza mambo yote ya unyumba kabla ya chuo cha kwanza, isipokuwa hili. Ikabidi mie nimfunze somo, mtu wa miaka sitini na tano. Alinisikiliza kichwa kainamisha, mwisho akauliza kama na ile homa ya mdomoni imo katika hesabu. Nikamwambia imo, bibi.

Akaenda Chake Ijumaa. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye tangu utotoni hutokwa na vilengelenge mdomoni, marehemu mkewe alimzoea hivyohivyo. Kisha akauliza bei ya vidonge. Ameomba apewe nafasi ya kufikiri mpaka msimu wa karafuu umalizike.

Ile ndoo Dada kaichukua mwenyewe, anapandia mwani-waridi mlangoni. Na mimi kaniomba, nikiimaliza hadithi, yule mume wa kwanza nisimwandike vibaya.