Sarafu za Kaisari na Pwani ya Galu
Kuna dai lisilochoka kutembea ufukweni, kuanzia Galu hadi Msambweni: kwamba Warumi waliwahi kukaa huku, na sarafu zao zingali mchangani. Mwenye kipande cha shaba kilicholiwa na chumvi hulipenda, maana humpandishia bei. Hulipenda pia wale wanaodhani historia yetu haina heshima mpaka aje mgeni kuianzisha.

Nguzo ya dai hilo iko mbali kaskazini, Bur Gao, iliyokuwa ikiitwa Port Dunford, ambayo leo iko Somalia. Kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza aitwaye Kapteni Haywood alisema amefukua sarafu huko penye magofu. Miaka ya 1930 Harold Mattingly wa British Museum alizieleza katika maandishi. Zilikuwamo za akina Ptolemaio wa Misri, za Nero na Trajan, na nyingine za karne ya 4. Hapo wakusanyaji hushangilia na kufunga kitabu. Wangeendelea kusoma wangekuta pia sarafu za Wamamluki na za Waturuki. Nani aliyeweka akiba moja tangu zama za Ptolemaio hadi za masultani wa Istanbul? Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeikagua pwani ile miaka ya 1960, aliona yaelekea zaidi kuwa mkusanyiko uliotoka Misri zama za karibuni. Watetezi hujibu kwamba huenda hazina mbili zilichanganyika. Huenda, lakini kwa “huenda” hatujengi bandari.

Shahidi bora yupo, na hasomwi inavyostahili: Periplus, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK. Unapotaja masoko ya India, Barygaza na Muziris, unataja fedha taslimu. Ukifika Azania, yaani pwani yetu, orodha inageuka: mikuki iliyofuliwa Muza huko Yemen, mashoka, visu, misharasi na vijiwe vya kioo, pamoja na mvinyo na ngano za kuwapendeza wenyeji. Kilichotoka huku ni pembe za ndovu na vifaru, na magamba ya ng'amba. Sarafu haimo. Mzee wa Azania angeifanyia nini sura ya Kaisari?

Mkusanyaji anayetaka sarafu inayotuhusu kweli aitafute dinari ya Augusto ya mwaka 28 KK, yenye mamba na maneno AEGYPTO CAPTA. Inaadhimisha kutekwa kwa Misri, na baada ya hapo ndipo biashara ya Bahari ya Shamu ilipopanuka.



Ukipanda kutoka Galu kwenda Kwale, unafika eneo ambako Robert Soper alichimba miaka ya 1960 na kupata vyungu vya wafua chuma wa takriban karne ya 3 BK, wakati Roma ingali na makaisari. Vigae hivyo havina mnunuzi ufukweni. Mwanaakiolojia Felix Chami naye ameripoti shanga za kioo za Kirumi kwenye delta ya Rufiji, na huyo namsikiliza, kwa sababu shanga zinakubaliana na Periplus.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mali kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Anayegundua kitu cha kiakiolojia anatakiwa kuiarifu Makumbusho ya Taifa, aeleze mahali hasa na namna alivyokipata. Kwa sarafu za Bur Gao, maelezo hayo ndiyo tunayoyakosa mpaka leo.