Nguo ya Safari na Nguo ya Kushukia



Juma lililopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinifuata Kariakoo akiwa na tiketi ya boti ya kwenda kula sikukuu Unguja, na swali moja: "Mjomba, nivae nini?" Tulikuwa tumesimama Mtaa wa Sikukuu, na sidhani mjini hapa kuna mtaa mwingine unaolifaa swali hilo zaidi. Mkononi alishika gauni refu la kuburuza, jipya, na viatu vya visigino virefu. Alitaka kupanda boti hivyo hivyo. Nikamwambia ampe pole nyanya yake mkubwa, marehemu bibi yangu mimi, maana mwanamke yule angelia.

Bibi alizaliwa Unguja akaolewa huku, Gerezani. Kila Idi aliyojaliwa alivuka kwenda kwao, na mwaka 1967 alinichukua mimi, mtoto wa miaka saba. Tulikwenda kwa jahazi. Kaskazi ilikuwa inatupiga usoni, jahazi likawa linakwenda huku na huku kuutafuta upepo, tukalala baharini. Usiku kucha Bibi alivaa kanga mbili zilizopauka hata maandishi yake hayasomeki. Kanga hizo zilikuwa shuka, zikawa mwavuli wa mawimbi, zikawa kitambaa cha kunifutia matapishi. Mafundo aliyalegeza. Aliyekaa karibu naye akiwa amejifunga kibwebwe alimfokea afungue, kwa sababu baharini, alisema, nguo iliyokazwa ni kamba.

Asubuhi, minara ya mji ilipoonekana, wanawake wakafungua makasha. Wawili walishika kanga kama pazia, wa tatu akaingia nyuma yake kubadili, kisha wakapokezana. Bibi alitoka pale na doti mpya iliyonukia udi, macho yamepakwa wanja, kana kwamba hakuwahi kulowa maishani. Nilimuuliza kwa nini tusingevaa vizuri tangu Dar es Salaam. Akajibu kwamba nguo ya safari ni ya bahari, nguo ya kushukia ni ya watu.

Miaka mingi nilidhani ni maringo ya Kiunguja tu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa na deni la kulipa pale bandarini, deni la mama yake.

Katika karne ya 19 mtu wa Unguja alisomwa kwa nguo kabla hajafungua mdomo. Mtumwa alivaa kipande cha merikani, kile kitambaa cheupe kizito kilichopata jina lake kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta kwa wingi, hasa baada ya Marekani na Sultani kutia sahihi mkataba wa biashara mwaka 1833. Au alivaa kaniki, nguo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Kofia, kilemba, kanzu ndefu na makubazi vilikuwa vya waungwana. Mama yake Bibi alikulia katika kaniki.

Kanga nayo ilikuwa inazaliwa wakati huo huo. Wanawake wa pwani walinunua leso, neno lenyewe la Kireno, wakaziunga pamoja kufanya nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona fedha imelala hapo, wakaagiza zilizokwisha kuchapwa, kutoka Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani. Maandishi yalianza kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikafuata.

Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 (masuria waliachwa nje ya sheria ile hadi 1909, na huku bara tulingoja hadi 1922), wengi waliopata uhuru hawakupata shamba wala nyumba. Walichoweza kubadili upesi ni nguo. Waliitupa kaniki wakavaa kanga, na baadaye buibui, ambalo awali lilikuwa vazi la mabibi wa nyumba kubwa. Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka Fumba akiwa muuza vyungu na kufika Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sahani za santuri, aliimba akiwa amevaa buibui. Siku za Idi watu walitoka na nguo mpya, na kila jicho lilikuwa kazini. Basi mwanamke aliyeshuka bandarini siku hiyo hakuweza kushuka na kanga iliyopauka. Wangemsoma vibaya, yeye na mama yake.

Huku kwetu duka la kujibu macho hayo lilikuwa Kariakoo. Jina hilo ni la wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Sijui mahali pengine ambapo kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mizigo imegeuka kuwa soko la doti na magauni.

Macho hayo yana ubaya wake pia. Mwaka mmoja baada ya safari yetu, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na mawigi ni marufuku. Tarehe hiyo haijafika, hapa hapa Kariakoo vijana wa kiume walikuwa wameanza kuwashusha wanawake kwenye mabasi na kuwapiga. Bibi, ambaye hakuipenda mini hata kidogo, alisema neno moja: hawa nao wamejifanya mabwana.

Halafu ikaja miaka ya uhaba, nguo ikawa ya foleni, na wasafiri wakawa wanavuka kwenda kununua. Mimi mwenyewe mwaka 1986 nilirudi kutoka Unguja nimevaa suruali mbili na mashati matatu, jua la mchana likiwaka, ili mzigo uonekane mdogo kwa wakaguzi. Siisimulii kwa kujisifu. Nilitoka jasho kama mkosaji, na ndivyo nilivyokuwa.

Leo boti ya mwendo kasi inavuka kwa saa mbili au pungufu. Watu wanapanda wakiwa wameshavaa ya kushukia, kwa kuwa safari yenyewe imefupika hata haionekani. Lakini bahari haikufupika. Krismasi huikuta kaskazi. Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine huikuta kusi, na kusi likichafuka hapo katikati halimjui aliyevaa hariri. Tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi el-Fitr, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikikaribia, Skagit iliyotoka hapa Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Gauni la kuburuza likilowa huizinga miguu, na jaketi la kujiokolea halivaliki vizuri juu ya marinda.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya tukitembea. Avae nguo nyepesi na ndala, gauni alikunje mkobani, na akikaa tu aulize majaketi yako wapi.

"Sasa Mjomba, nitabadilia wapi? Chooni? Na foleni ile?"

Sikuwa na jibu. Tukafika Mtaa wa Uhuru, akaingia duka la kwanza, akatoka na kanga pana. Alikuwa akisafiri na shoga zake wawili.