Mfuko Mmoja kwa Ekari

Mama mwenye nyumba wetu hapa Kapsoya alimwaga CAN kwenye nyasi za mbele ya nyumba kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku. Wiki haikuisha, zikaungua mabaka mabaka. Akanigongea mlango. "Kijana, si wewe ulisomea kilimo? Hebu nipigie hesabu." Nilisomea mwaka mmoja na nusu nikaacha. Hilo hakuuliza, nami sikumkumbusha.

Hesabu yenyewe nilikuwa nayo tangu utotoni, maana Ainabkoi nzima inaijua: mfuko mmoja kwa ekari. DAP wakati wa kupanda, CAN mahindi yakifika magotini. Ekari ni mita za mraba 4,047, mfuko ni kilo 50, na nyasi zake ni mita 10 kwa 10. Gawanya kwa 40, unapata kilo moja na robo. Yeye alikuwa amemaliza karibu kilo tano.

Lakini nani aliamua kwamba ni mfuko mmoja?

Ekari ilikuja na walowezi. Makaburu wa Jansen van Rensburg walifika Uasin Gishu mwaka 1908, na serikali ya kikoloni ikaikata nyanda hii vipande vyenye namba. Mji wenyewe uliota kwenye shamba namba 64, na hata ulipobatizwa Eldoret mwaka 1912, wazee waliendelea kuuita Sisibo. Yaani tumeanza kama namba.

Mfuko ulipata maana yake baadaye. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya H611, na chotara ni mlaji. Pendekezo lililozoeleka likawa kilo 60 za nitrojeni na kilo 60 za fosfeti kwa hekta. Hekta! Babu yangu hajawahi kuwa na hekta, ana ekari. Sasa angalia. DAP ina asilimia 18 ya nitrojeni na 46 ya fosfeti, kwa hiyo mfuko mmoja unakupa kilo 9 na kilo 23. CAN yenye asilimia 26 inaongeza nitrojeni kilo 13. Jumla ni 22 kwa 23 kwa ekari. Zidisha kwa 2.47 urudi kwenye hekta: 54 kwa 57. Siku nilipoiona nilicheka peke yangu. Sayansi ilikuwa imeviringwa hadi ikaenea kwenye gunia. Simlaumu aliyefanya hivyo, maana ni namba ambayo mtu anaweza kuibeba mgongoni.

Shida ni kwamba gunia haliulizi udongo una hali gani. Na jambo hili lilionekana kitambo, tena kwenye nyasi. Mwaka 1856, huko Rothamsted, Uingereza, Lawes na Gilbert walianza kutia mbolea mbalimbali kwenye malisho, kipande kwa kipande. Jaribio hilo linaendelea hadi leo. Vipande vilivyopewa amonia mwaka baada ya mwaka viligeuka asidi, na aina nyingi za mimea zikatoweka, zikabaki chache.

DAP nayo ina amonia. Udongo wetu umekula DAP kwa miongo, na udongo ukishakuwa na asidi nyingi, chuma na alumini hushika fosfeti, mahindi yasiipate. Unalipia kilo 23, mmea unaambulia makombo. Ndiyo maana siku hizi maafisa wa kilimo wanaimba chokaa, chokaa. Babu huwa anasema shamba "limezoea," kama mlevi, halafu anaongeza mfuko.

Na hayo yote yanategemea namba iliyochapwa kwenye gunia iwe kweli. Mwaka 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku ya serikali, kumbe nyingine ilikuwa feki. Kesi ilifika hadi Bungeni. Mtu aliyepiga hesabu sawasawa na aliyekisia walivuna hasara ileile.

Nilimwambia mama amwagilie maji mengi na asiguse CAN hadi nyasi zirudi. Kisha kilo moja na robo, igawanywe mara mbili. Ila kwanza udongo upimwe.

"Udongo wa nyasi?" Akacheka sana. Lakini akanipa jembe.

Jumamosi nilipanda matatu kwenda kwa babu. Nilirudi na mifuko miwili ya plastiki, mmoja umeandikwa "nyasi", mwingine "babu", kwa maka, ili wa maabara wasizichanganye.